Nimechoka kuwapiganisha wanandoa mahakamani, lakini naogopa kuwaacha wanawake bila mtetezi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, mwanamke, nimeolewa na nina watoto wawili. Ofisi yetu iko Kinondoni, nashirikiana na wakili mwenzangu niliyesoma naye. Kwa zaidi ya miaka kumi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa mashauri ya ndoa: talaka, mgawanyo wa mali, matunzo, nani akae na watoto. Wateja wanaletana wenyewe. Mwanamke akitoka kwangu na nyumba, haichukui muda shoga yake ananipigia. Sina njaa, namshukuru Mungu.

Tatizo ni kwamba kazi yenyewe imeanza kunikataa. Mwaka jana nilimwakilisha mama mmoja aliyekuwa akigombea mtoto wa miaka tisa na mumewe. Hakimu alimwita mtoto chemba amsikilize. Baadaye alitueleza mtoto alichosema: kwamba baba yake "amewatelekeza bila matunzo yoyote na kwa makusudi." Maneno hayo niliyaandika mimi kwenye kiapo cha mama. Mtoto wa darasa la nne alikaririshwa kiapo. Tulishinda shauri lile, mteja alinikumbatia mbele ya watu, na mimi furaha sikuiona.

Wapo pia waliogombea nyumba ya Kimara mpaka rufaa ya pili. Ilipouzwa, fedha nyingi ziliishia kulipa mikopo waliyochukua kwa ajili ya kesi, ada za mawakili zikiwemo. Watoto wao sasa wanaishi kwa bibi.

Nataka kuacha kupigana na kuwa msuluhishi wa masuala ya familia. Mwenzangu ofisini anasema nitaiua ofisi, kwamba mteja wa talaka anataka wakili anayeuma, na kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, usiingie katikati. Mume wangu hapingi, ila ananiuliza ada za shule zitatoka wapi.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Wateja wangu wengi ni wanawake ambao jina lao halimo popote. Kiwanja kina jina la mume, gari lina jina la mume, fremu ya Kariakoo ina jina la shemeji. Mahakamani nina silaha za kumtetea mtu kama huyo. Nikikaa katikati nisiyemtetea yeyote, si nitakuwa nimemwacha? Wateja wangu wananiambia walivyosuluhishwa na wazee na viongozi wa dini: "Mama, vumilia, mwanamume ndivyo alivyo." Sitaki kuwa mtu wa kuwaambia hivyo kwa lugha ya kisheria.

Na kuna jambo la sasa hivi. Mama mmoja niliyemshauri miaka miwili iliyopita, kabla hajaahirisha kufungua shauri, amenipigia yeye na mumewe kwa pamoja. Wanataka niwasuluhishe wagawane mali kwa amani. Wananiamini wote wawili. Niwapokee?

Wakili, Kinondoni

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na hao wawili kwa sababu wanasubiri. Usiwapokee. Huyo mama alikueleza siri zake ukiwa wakili wake: hofu zake, fedha alizoficha kama zipo, kiwango cha chini ambacho angekubali. Utakaaje katikati na hayo kichwani? Leo mume anakuamini. Siku makubaliano yatakapomchoma atakumbuka kwamba ulikuwa wakili wa mkewe, na karatasi mliyosaini itakuwa na doa ambalo wakili yeyote mwenye akili atalitumia. Maadili ya kazi yako unayajua kuliko mimi, sikufundishi. Wape majina ya wasuluhishi wengine, na yule mama umwambie atafute wakili wa kumshauri pembeni kabla ya kikao cha kwanza.

Sasa tuje kwenye hofu yako kubwa. Nilikaa kwenye kiti cha uhakimu mpaka nikastaafu. Nimeona usuluhishi uliomwokoa mtu na nimeona uliomzika, kwa hiyo sitakuambia hofu yako haina msingi. Ina msingi.

Fikiria wateja wako wamepita wapi kabla ya kukufikia. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtaka anayeomba talaka apeleke kwanza mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache, kama mwenzi ametoroka na hajulikani alipo, au ameitwa mbele ya Baraza akakataa kwa makusudi. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Likishindwa linatoa hati, na hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Unayajua haya. Ninayarudia kwa sababu ya jambo moja: kazi ya Baraza ni kujaribu kuirudisha ndoa. Mjumbe anapomwambia mwanamke avumilie, pengine anakosea sana, lakini anafanya kile anachoamini ametumwa kufanya. Kwa hiyo mteja wako anaposema "nilishasuluhishwa," anakumbuka kikao kilichotaka arudi nyumbani.

Kazi unayoitaka wewe inaanza pale ndoa ilipokwisha kushindikana. Hakuna anayemwambia mwenzake arudi. Kinachobaki mezani ni nyumba ya Kimara, deni la benki, ada za shule, mtoto alale wapi siku za shule na wapi sikukuu, na mama mkwe aliyejengewa chumba uani. Hapo huhitaji kumwambia mtu avumilie. Unahitaji kuhakikisha anajua anachokiacha kabla hajakiacha.

Hapa ndipo nakuomba unisikilize vizuri. Umedhani msuluhishi akikaa katikati anakuwa hana silaha. Siyo kweli. Msuluhishi ndiye anayepanga kikao: nini kianze, nani aongee lini, nini kiletwe, lini watu wasimame. Hayo ni mamlaka makubwa, na ni juu yako kuyatumia.

Kanuni yako ya kwanza iwe hii: hakuna maongezi ya nani achukue nini mpaka karatasi zote ziwe mezani. Hati miliki iletwe, na kama nyumba iko eneo lisilopimwa iletwe leseni ya makazi au mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Taarifa za benki za wote wawili ziwepo, miamala ya simu iwepo, daftari la vikoba liwepo, kadi ya gari, mikataba ya mikopo, risiti za mabati na saruji kama bado zipo. Asiyeleta, kikao hakiendelei, na unasema hivyo mbele ya wote wawili bila kupepesa. Miaka yako yote ya mahakamani inakusaidia hapa. Wewe unajua kiwanja cha Kigamboni huandikwa kwa jina la mdogo wake mume, na fremu ya Kariakoo kwa jina la shemeji. Msuluhishi aliyejifunza darasani tu hatauliza. Wewe utauliza, kwa upole, mpaka upate jibu. Na ukikataliwa jibu utavunja kikao, shauri liende mahakamani ambako kuna kiapo na amri.

Kisha wote wawili wajue sheria inasema nini kabla hawajaanza kupunguziana. Mwanamke aliyelea watoto na kuendesha nyumba huja kwenye kikao akiamini anaomba msaada. Tangu 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mume na mke wakilisikia hilo pamoja, kutoka kinywa kimoja, maongezi yanabadilika. Kuwaeleza sheria wote kwa usawa si kumpendelea mmoja. Usichoweza kufanya ni kumvuta mama pembeni ukamwambia "hapo usikubali." Siku utakayosikia ulimi unawasha kusema hivyo, na utawasha, jua umerudi kwenye uwakili.

Ndiyo sababu nakusihi usiwahi kukubali makubaliano yasainiwe kabla kila mmoja hajapata ushauri wa wakili wake. Kuna mambo ambayo wakili tu ndiye atayafanya. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini mwanamke anayehofia nyumba itauzwa mkiwa bado mnaongea anahitaji mtu wa kumwandalia zuio kwa msajili wa hati, haraka. Mtu huyo hawezi kuwa wewe. Asiye na fedha ya wakili mpeleke kwenye msaada wa kisheria. Sheria ya 2017 imeuweka utaratibu wake, na hapa Dar vyama vya wanasheria wanawake vimeifanya kazi hiyo tangu zamani. Usione aibu kusimamisha kikao ili mtu aende kushauriwa.

Nikija kwenye kipigo, nitasema wazi. Kabla ya kikao cha pamoja, kaa na kila mmoja peke yake. Uliza: amewahi kukupiga? Anashika simu yako? Ukitofautiana naye hapa mbele yangu leo, usiku nyumbani kutakuwaje? Usimuulize mke tu, muulize na mume. Kama kuna anayeogopa kiasi kwamba "ndiyo" yake haina uzito, usiwakutanishe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa hakimpi mwenzi yeyote haki ya kumpiga mwenzake, na mtu anayepigwa mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hospitali na mahakama. Msuluhishi anayewakalisha meza moja mpigaji na mpigwaji ili waelewane juu ya sofa, huyo ndiye yule unayeogopa kuwa. Usiwe. Na hii ndiyo sababu sitaki mawakili wazuri wa ndoa wote wahamie kwenye usuluhishi. Yapo mashauri yanayotaka wakili anayeuma, mwenzako hajakosea katika hilo.

Kuhusu yule mtoto wa chemba. Sheria inaelekeza ustawi wa mtoto uwe juu ya yote, na inadhania, dhana inayoweza kupingwa, kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama. Akifika umri wa kutoa maoni yake, mahakama inayazingatia. Yote mazuri. Lakini mahakama humsikiliza mtoto akiwa katikati ya vita, na wazazi wanalijua hilo. Kwenye usuluhishi unaweza kuwasaidia wazazi waandike mpango wa kila siku: nani anampeleka shule, nani analipa sare na nauli, Ijumaa jioni anachukuliwa saa ngapi na nani, akiugua usiku nani anapigiwa kwanza, mchumba mpya anatambulishwa lini. Hukumu huwa haifiki huko. Ninakumbuka wazazi waliorudi mbele yangu mara kwa mara si kwa sababu walichukiana, bali kwa sababu amri yangu ilisema baba amwone mtoto "kwa nyakati zinazofaa," na hawakuwahi kukubaliana ni nyakati zipi. Mpango ulioandikwa na wao wenyewe, hata kama una makosa ya sarufi, unatembea.

Usisahau kuwaeleza kwamba makubaliano peke yake hayavunji ndoa. Mahakama ndiyo inayotoa talaka, baada ya kujiridhisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ina wajibu wa kuangalia kama mipango ya mali na matunzo ni ya haki. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotolewa kwa utaratibu wa dini baada ya Baraza kushindwa ina nafasi yake kwenye kifungu cha 107, lakini bado mahakama inahusika. Watu wengi mjini hapa wanadhani karatasi ya sheikh au ya serikali ya mtaa imemaliza kila kitu, kisha mmoja anafariki na vurugu ya mirathi inaanza.

Kuna njia nyingine ambayo hukuitaja, na huenda ikakufaa kuliko usuluhishi wenyewe. Mwaka 1990 wakili wa masuala ya familia huko Minneapolis, Marekani, Stuart Webb, aliamua hataenda tena mahakamani kwa mashauri ya ndoa. Hakuwa msuluhishi. Alibaki wakili wa upande mmoja, lakini kwa kazi ya kufikia makubaliano tu. Mume ana wakili wake, mke ana wakili wake, wote wanne wanakaa, na mawakili wanasaini kwamba mazungumzo yakivunjika wao wanajitoa na wateja wanatafuta mawakili wengine wa kwenda nao kortini. Kwa hiyo hakuna wakili anayenufaika na ugomvi kuendelea. Huku unabaki na haki ya kumvuta mama pembeni na kumwambia "hapo usikubali." Kwa mtu mwenye hofu kama yako, ningeanza huko, huku ukijifunza kukaa katikati. Inahitaji wakili wa upande wa pili mwenye nia hiyo hiyo. Watafute, hata wawili watatu, miongoni mwa mliokuwa mkipambana nao. Utashangaa wangapi wamechoka kama wewe.

Kwa upande wa taratibu sitakaa sana. Usuluhishi si mgeni: uliingizwa kwenye mwenendo wa madai mwaka 1994, Katiba ibara ya 107A inazitaka mahakama zikuze usuluhishi, na Mahakama Kuu ina Kituo cha Usuluhishi hapa hapa Dar. Kwa masuala ya familia, Kituo Jumuishi cha Mahakama cha Temeke kimefanya kazi tangu 2021. Nenda ukaone mashauri yanavyokwenda na ujitambulishe kwa wahusika. Kujiita msuluhishi tu hakutoshi siku hizi. Kanuni za 2021 zinataka wanaofanya kazi hiyo waidhinishwe kupitia Wizara ya Katiba na Sheria, kwa hiyo anza na mafunzo, kisha maombi. Na mafunzo yasiwe ya migogoro ya mikataba ya ujenzi pekee. Watu wanaoachana hulia, hunyamaza, hutukanana, na ni lazima ujifunze kukaa nao bila kukimbilia suluhu ili kelele ziishe.

Fedha. Mume wako anauliza swali la haki na usimjibu kwa maneno ya moyo. Mapato yatashuka mwanzoni. Shauri la talaka linalokwenda miaka linalipa kwa awamu nyingi, usuluhishi unaoisha kwa vikao vichache unalipa mara moja. Toza kwa kikao, wagawane ada nusu kwa nusu, na ilipwe kabla hamjakaa, ili asiwepo anayejiona ndiye mwajiri wako. Mume akilipa yote, mke atajua. Usifunge mashauri uliyonayo kwa ghafla, maana walioko katikati ya kesi walikuajiri uwapiganie na ni haki yao umalize. Acha kupokea mapya ya kugombana, moja baada ya jingine, na uone hesabu inasemaje kabla hujaruka mzima.

Na mwenzako umweleze wewe kabla mteja hajamweleza. Kaeni na hesabu za ofisi, mwonyeshe mashauri gani yataendelea kuwa yake, yapi utampelekea, na muandike kabisa kwamba aliyesuluhishwa nawe hatawakilishwa naye, kwa sababu mko ofisi moja na mlango ni mmoja. Hilo ndilo litakalomgusa mfukoni kuliko yote, kwa hiyo lianze hilo.